Msiuze Maksai kwa Ajili ya Nailoni

Wanangu, na ninyi baba na mama mliowazaa, msimu wa kuuza pamba umefika. Tangu Mei mizani inafanya kazi, fedha zinaingia mikononi, na kila jioni nasikia habari ileile barazani, kijiweni na hata nje ya mlango wa kanisa: mwaka huu kijana lazima apate pikipiki. Huyu anasema iwe mpya, itoke dukani na nailoni yake juu ya siti. Yule anasema ipo ya mkononi, ya jamaa anayehamia mjini, bei nzuri, ila mwenyewe anataka fedha leo kabla jua halijazama. Nyumba inagawanyika, mama huku, baba kule, na kijana katikati amekwisha kuchagua rangi.

Nawasihi, ketini kwanza. Katika Luka sura ya 14 Bwana wetu aliwageukia watu wengi waliokuwa wakimfuata, akawapa habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, na jinsi impasavyo kupiga gharama kabla hajachimba msingi. Umati ule ulikuwa na hamasa ya kutosha. Kilichopungua ni hesabu. Nanyi leo hamna upungufu wa hamasa, Mungu anajua. Basi nipeni saa moja ya akili tulivu kabla fedha ya mwaka mzima haijatoka nyumbani.

Nianze na wazee, maana kosa kubwa kuliko yote hufanyika zizini, kabla mtu hajafika dukani. Ninyi wa Maswa, Meatu na Bariadi mnanielewa. Kijana ananuna, mama anamwombea, na mwishowe baba anafungua zizi na kuwatoa maksai. Baba yangu, usiwatoe! Maksai wawili waliofundishwa, pamoja na plau lao, ndio ekari za mwaka kesho, ndio mahindi ya watoto, ndio sare na madaftari ya yule binti anayeingia kidato cha kwanza. Maksai akichoka kulima bado ana bei mnadani. Pikipiki ikichoka hupimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Na shamba ndilo lisiguswe kabisa: nimeona kijana akiendesha pikipiki kupita kando ya shamba lililokuwa la babu yake, amembeba abiria, anamwonyesha kwa kidole mahali walipokuwa wakilima. Pikipiki ile siku hizi imelala nyuma ya nyumba. Shamba lina mwenyewe mwingine.

Katika fedha ya pamba, toa kwanza chakula cha kufikia mavuno. Toa mbegu na dawa ya pamba. Toa mahitaji ya shule, toa ya matibabu, toa sadaka yako. Kinachobaki ndicho fedha ya pikipiki, na hicho hicho ndicho kitakachokuambia kama unanunua mpya, unanunua iliyotumika, au hununui mwaka huu. Usimwachie jirani aliyenunua juzi akuamulie, wala macho ya wasichana wa gulioni.

Najua vijana mnaanza kunung'unika. Mnasema Mchungaji anataka tupande mikweche. La hasha. Pikipiki mpya ina haki yake, nami nitaisema bila kuipunguza. Mpya hakuna aliyeitesa kabla yako. Injini yake haijafunguliwa na fundi wa chini ya mwembe. Kadi inatoka kwa jina lako tangu siku ya kwanza, dukani wanakupa muda wa waranti, na kwa miezi mingi utalala bila kuwaza pistoni. Kijana mwenye fedha taslimu, ambaye akilipa nyumba haipungukiwi unga, akanunua mpya ya chapa ambayo spea zake zinapatikana hadi duka la kijijini, kama Boxer ya Bajaj au HLX ya TVS, huyo amefanya vyema, na akiniita kuiombea nitakuja nikiimba. Ila aulize bei ya dukani inajumuisha nini. Je, usajili umo? Bima imo? Leseni yake ya udereva anayo, au ataanza kukimbia askari barabarani na pikipiki yenye nailoni? Na kama anabeba abiria, leseni ya usafirishaji ya LATRA ameitengea fedha? Hayo yote ni sehemu ya bei, ingawa hayajaandikwa kwenye karatasi iliyoning'inizwa kwenye usukani.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kidonda cha pikipiki mpya ni mkopo.

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Kijana ana nusu ya fedha. Ile iliyotumika anaweza kuinunua leo na chenji ikabaki. Lakini ameona haya kwa wenzake, basi anakwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu ajazie nusu ya pili. Tupige mfano. Amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni 200,000 kila mwezi. Baada ya miezi 5 ya kulipa riba tu amekwisha kutoa 1,000,000 nyingine, na ile ya mwanzo bado anadaiwa yote. Miezi 5! Tairi la nyuma limeanza kulika, cheni imelegea, mvua zimekata barabara, abiria hawapo kwa sababu kila mtu yuko shambani, na mkopeshaji anapiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Kijana anaanza kukimbia kupita kiasi. Anabeba mishikaki, watu watatu nyuma na mzigo mbele. Anaendesha usiku kucha, macho mekundu. Ndugu zangu, wengi tunaowapokea wakitembea kwa magongo walianza kuanguka siku waliyotia saini karatasi ile.

Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, ilimkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kumnyang'anya mtu jiwe hilo ni kumnyang'anya uhai. Kwa kijana wa kijiweni, pikipiki ndiyo jiwe lake la kusagia. Na wewe mkopeshaji unayeketi benchi la mbele, unayeshikilia kadi za pikipiki za vijana kwenye droo yako, nakuambia mbele za Mungu: zirudishe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakutaka uwe na leseni ili kukopesha. Torati inakutaka uwe na huruma. Ukikosa moja serikali itakuuliza. Ukikosa ya pili atakuuliza Yeye asiyehongeka.

Wengine mtasema, basi mimi nachukua ya mkataba kwa tajiri. Sikatai, kwa kuwa wapo matajiri waaminifu, na vijana wengi wamepata mali kwa njia hiyo. Lakini hesabu iko palepale. Ukipeleka 10,000 kwa siku, siku 6 za wiki, kwa miezi 18, yaani wiki 78, umempa tajiri 4,680,000. Linganisha na bei ya dukani ujue unanunua kwa kiasi gani. Halafu tambua jambo ambalo vijana hawalitafakari: siku mkataba unapoisha na pikipiki kuwa yako, imekwisha kutumika miezi 18 ya kijiweni. Ulikataa iliyotumika, na sasa unaimiliki iliyotumika, iliyokugharimu kuliko mpya. Kama moyo wako umeridhika na hilo, sawa, lakini mkataba uandikwe. Uandikwe nani anabadilisha tairi, nani analipa injini ikifa, ukiugua wiki 2 hesabu inakuwaje, na lini kadi inahamishiwa jina lako. Ipo mikataba ya mdomo iliyokwenda vizuri hadi mwezi wa kumi na tano, kisha tajiri akakumbuka kosa dogo na kuichukua pikipiki yake, na kijana akabaki na suruali yenye mafuta. Tajiri unayemcha Mungu, usikubali kijana apeleke hesabu hata ya siku moja bila karatasi. Na wewe kijana, usiamini machozi ya mtu yeyote kuliko saini yake.

Basi na tuijie iliyotumika, maana kwa wengi wenu, nikiangalia hesabu zenu za mwaka huu, hiyo ndiyo riziki iliyo mbele yenu, na si riziki ya aibu. Naisema waziwazi kwa wale wasiokuwa na fedha kamili: pikipiki iliyotumika, unayoijua historia yake, uliyoilipa yote, ni bora kuliko mpya inayokumiliki.

Lakini unayoijua! Hapo ndipo penye kazi. Uliza imepita mikono ya nani. Ya mwalimu aliyekwenda shuleni akarudi nyumbani, ya muuguzi wa zahanati, ya afisa ugani aliyeitunza kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeinunua, hizo zitafute kwa bidii, ulizia hata kabla hazijatangazwa. Iliyokuwa ya kijiweni, iliyoendeshwa mchana na kijana mmoja na usiku na mwingine, iogope hata kama imepakwa rangi. Za mnadani, zile Yamaha AG100 na DT125 za miradi na idara, ni vyuma vya kweli. Ila kabla hujapandisha mkono jiulize spea zake utazipata wapi, kwa bei gani, na fundi wenu aliwahi kuzifungua? Hapa ndipo zile za Kichina zilizotangulia, SanLG na Fekon na ndugu zao, zilipopata nguvu vijijini: nyingi zimefuata muundo wa injini ya Honda CG125, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na hupata matunzo haba. Injini yenye fimbo za kusukuma valvu, rahisi kufunguliwa, na kifaa cha chapa moja mara nyingi huingia kwenye chapa nyingine. Kijiji kinaijua. Bora pikipiki ambayo fundi wenu anaifungua akiwa amefumba macho kuliko ya kifahari inayosubiri kifaa kutoka Mwanza wiki 3.

Usiende kuitazama jioni, wala usimpigie muuzaji simu kwamba uko njiani. Nenda asubuhi, uikute injini imelala. Weka kiganja juu yake. Ukikuta ina moto, uliza kwa upole aliyeiwasha ni nani, kwa kuwa injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hupashwa kabla mnunuzi hajafika. Piga kiki mwenyewe. Tazama moshi: wa bluu usiokoma unakuambia oili inaungua ndani, ringi au sili za valvu zimechoka, na muda si mrefu utaifungua. Mweusi ni petroli iliyozidi, na huo una tiba nafuu. Angalia oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kaza breki ya mbele, uisukume pikipiki mbele na nyuma, na sikiliza shingoni. Ikigonga, beringi zimekwisha. Vuta cheni pale inapozunguka sproketi ya nyuma. Ikiachia na kuacha meno wazi, hesabu seti nzima kwenye bei.

Piga magoti, mwanangu. Unapiga magoti kanisani, usione haya kupiga magoti uani kwa mtu kwa ajili ya mifupa yako. Tazama chesisi chini ya tangi na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa. Ukiona alama ya kuchomelewa, au rangi mpya mahali pamoja tu juu ya chuma cha zamani, pikipiki hiyo ilianguka vibaya, inuka umshukuru mwenyeji uende zako. Mwambie mwenzako aiendeshe polepole kwenye njia iliyonyooka, nawe usimame nyuma uone kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee sana, kwa kuwa kebo yake huchomolewa kwa mkono. Tegemea vikanyagio. Mpira wa kikanyagio uliolika hadi chuma hausemi uongo, wala mpira wa mkononi uliong'aa, wala siti iliyozama. Dashibodi ikisema kilomita 8,000 na vikanyagio vikakataa, sikiliza vikanyagio.

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na umlipe vizuri asubuhi hiyo. Fundi ambaye hujamlipa wewe atalipwa na mwingine.

Na wewe unayeuza! Unadhani mahubiri haya yanawahusu wanunuzi tu? Kutoka, sura ya 21, inazungumza juu ya ng'ombe dume aliyezoea kupiga watu pembe. Mwenyewe ameonywa, anajua tabia yake, na hakumzuia. Akija kuua mtu, damu ile inadaiwa kwa mwenye ng'ombe. Soma sura hiyo usiku huu, wewe uliyeibana breki ya ngoma hadi mwisho wa bolti yake ishike kwa siku 2 za kuonyesha wateja. Soma, wewe uliyemwaga oili nzito ndani ya injini kuizima sauti. Soma, wewe uliyejaza ufa wa chesisi kwa gundi ukapaka rangi. Ulijua. Siku pikipiki hiyo itakapomwangusha mtoto wa mwenzio kwenye mteremko, usiseme ni bahati mbaya. Mwambie mnunuzi kasoro zote, zile anazoziona na zile asizoziona, mpunguzie bei kwa kadiri ya kasoro hizo, na utaondoka na fedha kidogo unayoweza kuitia kwenye sadaka bila mkono kutetemeka.

Sasa kadi. Kwenye jambo hili sina nafasi ya kulegeza hata neno moja.

Mtu anakuja na pikipiki nzuri, bei ya kutupa, kadi "iko njiani", kadi "iko kwa kaka", kadi "ilipotea, tutaandikisha nyingine". Wanangu, ikimbieni! Mnajua jinsi madereva wa bodaboda wanavyokodiwa usiku, wakapelekwa porini, wakaachwa wamekufa au wamefungwa kamba, na pikipiki ikapelekwa mkoa mwingine kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mnajua. Mmekwenda kwenye misiba hiyo, mmepanga foleni ya pikipiki nyuma ya jeneza, mmepiga honi mkilia. Basi ile ya bei ya kutupa huenda ni ya ndugu yenu. Mwuaji asingeua kama asingekuwa na uhakika kwamba yuko mtu mahali fulani, pengine mwumini, pengine mwimba kwaya, atakayenunua bila kuuliza. Anayenunua pikipiki bila kadi anamlipa mwuaji mshahara wake. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo, na nisingependa kulisema kwa upole.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi moja kutoka: kadi halisi mkononi, jina lililoandikwa liwe la mtu aliye mbele yako au mtu unayeweza kumfikia na kumuuliza. Soma namba ya chesisi pale ilipogongwa kwenye shingo ya fremu, soma namba ya injini, linganisha na kadi herufi kwa herufi. Ukiona namba imekwaruzwa, au herufi moja imekaa upande, usijadiliane bei tena. Kwenda TRA kuthibitisha kumbukumbu na kuhamisha umiliki ni safari ya kweli, ina nauli na ina ada, lakini kuna watu wanaoendesha mwaka wa tatu kwa kadi yenye jina la mgeni. Siku mgeni huyo akifa, ndugu zake watakuja kudai, na watakuwa na karatasi wewe huna. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi uone kama kuna faini ambazo hazijalipwa, maana deni hufuata pikipiki. Andikeni mauziano mbele ya mashahidi na ofisi ya kijiji au wakili, picha na nakala za vitambulisho ziwepo. Sheria yetu inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, na hata yule anayekutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi akashindwa kueleza aliipataje. "Nilinunua kwa mtu mmoja hivi" haitakutoa mahabusu.

Na kama hesabu imekataa mpya, na iliyotumika ya kuaminika haijapatikana? Hapo msimu mmoja wa kusubiri unaonekana mrefu kwa kijana wa miaka 21. Lakini nani alikuambia kwamba uchaguzi ni kati ya viwili tu? Kusubiri nako ni kuchagua, tena kuchagua kwa mtu mzima. Weka fedha yako kwenye kikoba chenye watu unaowajua. Jiungeni vijana, mjiandikishe kikundi, mwende halmashauri: sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, na vikundi vilivyojipanga vimeitumia kununua pikipiki. Ni mlolongo mrefu, kuna fomu na vikao, na kuna kurudishwa nyumbani kwa sababu ya muhuri mmoja. Vumilieni! Wale wa kausha damu hawana mlolongo kwa sababu mlolongo wao unaanza baada ya kupokea fedha. Wazazi, msimkejeli kijana anayesubiri. Mama, ukimwambia mwanao kila siku kwamba mtoto wa fulani amekwisha kupata, unamsukuma kwa mkono wako mwenyewe kwenda kwa dalali wa usiku.

Kwa wale mtakaojaliwa mpya, neno fupi. Msiipandishe mlima na magunia mawili siku ya kwanza. Kilomita mia tano za mwanzo nendeni taratibu, msiifungue mafuta hadi mwisho, mbadilishe oili mapema kama kitabu chake kinavyoelekeza, mkaze bolti zote. Kuna injini mpya zilizouawa na mwezi wa kwanza wa furaha.

Limebaki moja, na kwa ajili ya hili moja ningeandika hata kama mengine yote mngeyajua. Kumbukumbu, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikaijia nyumba ile. Angalieni jinsi Mungu alivyo mwangalifu: nyumba ni mpya, imara, ya mwenyewe kabisa, hakuna deni wala wizi, na bado haijakamilika mpaka mgeni atakayepanda juu yake awe salama. Ukingo wa pikipiki ni kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Cochrane, ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kwa miaka, unaonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Haijali kama pikipiki ni ya nailoni au ni SanLG iliyopita mikono minne. Na ukingo wa dari uliwekwa kwa ajili ya yeyote atakayefika pale juu, ndiyo maana kofia moja ya dereva haitoshi. Nyuma yako atapanda mama mjamzito anayewahi zahanati. Atapanda mwanafunzi. Atapanda mzee anayekwenda kuchukua pensheni. Kofia ziwe mbili, zenye kamba inayofunga, na ile ya pili isining'inizwe kwenye kioo kama pambo la kuwapitisha askari.

Ikiwa bei ya pikipiki uliyoitamani inamaliza fedha yote na haibakizi ya kofia mbili na jozi ya breki nzuri, basi pikipiki hiyo imekushinda bei, iwe mpya au ya mkononi. Rudi nyuma ukachague ya bei ya chini, au ngoja msimu. Baba unayehesabu noti usiku huu kwenye meza, toa za kofia mbili kwanza, mpe mama azishike, kisha hesabu zilizobaki.